Kusaka maporomoko ya ardhi kwa picha za rada, tufanyie mazoezi Mlima Hanang

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Siku zile kila mwenye kompyuta na bando alikimbilia picha za setilaiti aone mlima umekatika wapi, na wengi tulichokuta ni mawingu. Meupe, mazito, yamefunika mlima wote kama blanketi. Na ndo kawaida yake, kwa sababu ardhi inaporomoka wakati wa mvua na wakati wa mvua kuna mawingu, kwaiyo ile picha ya kawaida ya rangi unayoitegemea inakukimbia siku ileile unayoihitaji.

Rada haina shida hiyo. Inapita kwenye mawingu, inapiga usiku na mchana, na ile ya Ulaya inaitwa Sentinel-1 picha zake ni bure kwa mtu yeyote. Nimeona watu wengi wanaiogopa kwa sababu ukiifungua mara ya kwanza unaona kitu cha kijivu chenye chenga chenga kama TV ya zamani iliyopoteza antena. Usiogope. Nitakupeleka hatua kwa hatua kwa mfano wa Hanang, alafu we utahamishia kwenu, iwe Bududa ya Uganda, West Pokot ya Kenya, Rungwe au popote penye milima na mvua.

Ila jambo moja uliweke kichwani kabla hujagusa kibodi: rada haikuonyeshi maporomoko. Inakuonyesha kwamba hapa pamebadilika. Kazi yote iliyobaki ni kuondoa mabadiliko ambayo sio maporomoko, na hiyo kazi ni kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Cha kuwa nacho

Akaunti ya Google Earth Engine, mtambo wa Google wa kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, ambayo kwa matumizi yasiyo ya biashara ni bure, unajisajili tu na kufungua mradi. Hesabu zinafanyika kwenye kompyuta zao huko sio kwako, kwaiyo hata laptop ya RAM 4 inatosha na bando haliishi kama unavyofikiria. Wapo watakaokwambia utumie SNAP, programu ya bure ya shirika la anga la Ulaya, ni nzuri kweli na itabidi uijue siku moja, lakini faili moja la Sentinel-1 ni karibu gigabaiti nzima na ukishashusha kumi hapo ndo utajua hujui. Anza na Earth Engine.

Rada inaona nini hasa

Sentinel-1 iko juu kama kilomita 700, inatuma mawimbi yake yenyewe ya urefu wa sentimita 5.5 hivi alafu inasikiliza yanayorudi. Inapiga kwa upande, sio wima kwenda chini, na siku zote inatazama kulia kwake. Chukua tochi umulike gizani. Ukimulika maji yaliyotulia mwanga unateleza unaenda mbele, kwako hakirudi kitu, kwaiyo maji kwenye rada ni meusi. Ukimulika shamba la migomba mwanga unagonga majani, shina, jani lingine, unatawanyika na sehemu inakurudia. Ukimulika rundo la mawe linarudisha kwa nguvu.

Kwa huku kwetu inatuma wimbi la wima na kupokea namna mbili: lile linalorudi bado wima, linaitwa VV, na lile lililorudi limelala, VH. VH ndo rafiki yako, maana wimbi linalazwa hasa na matawi na majani yanapolirusha huku na huko. Msitu una VH nyingi. Mlima ukikatika msitu ukaondoka, ukabaki udongo mtupu, VH inashuka. VV yenyewe ina tabia za ajabu kidogo, inaweza kushuka na inaweza kupanda, kwa sababu kifusi cha mawe makubwa kinarudisha VV vizuri tu. Kwaiyo utaangalia zote mbili ila ukitakiwa kuchagua moja kwenye mlima wenye msitu chagua VH.

Hatua ya 1: eneo na tarehe

Chora kiboksi kuzunguka mlima. Kilele cha Hanang kipo karibu latitudo 4.44 kusini na longitudo 35.40 mashariki, Katesh ipo chini yake upande wa kusini. Usichore kiboksi kikubwa mno. Kaskazini-magharibi ya mlima kuna Ziwa Balangida, ziwa la magadi ambalo kiangazi linajikausha na mvua zikija linajaa, na ukiliingiza kwenye kiboksi litakupa badiliko kubwa kuliko maporomoko yote ya mlima mzima. Mi mara ya kwanza nililiingiza, nikakaa robo saa nashangaa maporomoko ya ukubwa ule kumbe natazama maji.

Tarehe nazo. Kabla: tarehe 1 Oktoba mpaka 3 Desemba 2023. Baada: tarehe 4 Desemba mpaka mwanzoni mwa Februari 2024. Earth Engine tarehe ya mwisho haihesabu, ukiandika 3 Desemba inaishia tarehe 2, na hapo ndo tunapotaka. Kumbuka pia saa zao ni za Greenwich, masaa matatu nyuma ya kwetu. Sentinel-1 inapita kwetu kama saa 12 na nusu asubuhi au saa 12 na nusu jioni, kwaiyo kwa tukio lililotokea asubuhi picha ya siku hiyohiyo inaweza ikawa imepigwa kabla au baada, na usipoangalia saa unaweza ukaiweka kapu lisilo lake. Siku ya tukio yenyewe mi naitupa tu.

Kwanini miezi miwili miwili? Mwaka 2023 ilikuwa inafanya kazi Sentinel-1A peke yake, mwenzake 1B alizima Desemba 2021, kwaiyo njia ileile ilikuwa inarudiwa kila siku 12. Miezi miwili inakupa picha tano hivi kila upande. Siku hizi 1C na 1D zimeshapanda, ya kwanza Desemba 2024 na ya pili Novemba 2025, kwaiyo kwa matukio mapya angalia kwenu sasa hivi mnapigwa picha kila baada ya siku ngapi.

Hatua ya 2: chuja picha, na hapa usiharakishe

Mkusanyiko wenyewe kule unaitwa COPERNICUS/S1_GRD. Uchuje kwa eneo, kwa tarehe, instrumentMode (namna ya kupiga picha) iwe IW, na polarisheni, yaani wimbi limesimama au limelala, ziwemo VV na VH. Hapo wengi wanaishia, wanachukua kila kilichobaki wanakichanganya. Kosa.

Setilaiti inapita njia mbili, moja inapanda kuelekea kaskazini na nyingine inashuka kuelekea kusini. Ikishuka inatazama magharibi, yaani imesimama mashariki ya mlima wako. Ikipanda inatazama mashariki. Mlima uleule ukitazamwa kutoka mashariki na ukitazamwa kutoka magharibi kwenye rada ni milima miwili tofauti kabisa, upande unaong'aa huku ndo unaofifia kule. Ukiweka picha za kupanda kwenye kapu la kabla na za kushuka kwenye kapu la baada, ukatoa moja kwa nyingine, utapata mlima mzima umeporomoka. Nimeona ramani ya hivyo ikizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, upande mmoja wa mlima mwekundu wote na watu wanaandika pole sana.

Kwaiyo orbitProperties_pass chagua moja tu, ASCENDING au DESCENDING. Alafu usiishie hapo, chapisha orodha ya relativeOrbitNumber_start, yaani namba ya njia, uone kuna namba ngapi, maana hata ukichagua kushuka tu eneo lako linaweza likawa linafunikwa na njia mbili jirani zenye pembe tofauti. Chagua namba moja yenye picha nyingi. Zote za kabla na zote za baada ziwe na namba hiyo. Ukitaka kutumia njia nyingine ni ruhusa lakini ifanyie hesabu yake peke yake mwanzo mpaka mwisho, mwishoni ndo ulinganishe ramani mbili. Na usishangae ukikuta njia moja tu, maeneo mengi ya Afrika hayapigwi picha pande zote mbili mara kwa mara.

Njia ipi ni nzuri? Inategemea mteremko unaoutafuta unatazama wapi. Mteremko unaoitazama rada uso kwa uso unafinywa, na ukiwa mkali kupita pembe ya rada, ambayo kwa Sentinel-1 ni kati ya nyuzi 29 na 46 hivi, kilele kinaangukia mbele ya bonde kwenye picha na kila kitu kinabebana, hapo huoni kitu. Mteremko unaoipa rada kisogo ndo unaonekana kwa upana mzuri, labda uwe mkali kama ukuta ndo unaingia kivulini. Kwaiyo maporomoko yakiwa upande wa magharibi ya mlima tumia njia ya kushuka, yakiwa upande wa mashariki tumia ya kupanda. Kwa miteremko inayotazama kusini kama ile ya juu ya Katesh haina tofauti kubwa.

Hatua ya 3: punguza chenga

Picha moja ya rada ina chenga nyingi, na sio uchafu wa mashine, ni mawimbi yenyewe yanavyogongana ndani ya pikseli, kile kimraba kimoja cha picha. Kiasi gani? Ukichukua picha moja ya kabla na moja ya baada, mahali ambapo hakuna kilichobadilika kabisa, pikseli kupishana desibeli 3 (desibeli ndo kipimo cha nguvu ya wimbi lililorudi) ni kitu cha kawaida tu. Na desibeli 3 maana yake nguvu iliyorudi imebaki nusu! Kwaiyo anayekuletea ramani iliyotoka kwenye picha mbili tu bila kulainisha, muulize.

Dawa ni wingi. Chukua zile tano za kabla utafute mediani, yaani namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, zile tano za baada utafute mediani, chenga zinashuka karibu nusu. Alafu pitisha kichujio kidogo cha mediani cha nusu kipenyo mita 30. Usizidishe, ukilainisha kwa mita 100 picha inapendeza kweli ila korongo lenyewe ulilokuwa unalitafuta umelifuta.

Kama tukio limetokea jana na watu wanasubiri hauna tano za baada, una moja. Sawa, tumia hiyo moja dhidi ya mediani ya kabla, ongeza kulainisha kidogo na uandike juu ya ramani kwamba ni ya haraka. Kila picha mpya ikiingia unarudia.

Hatua ya 4: toa

Hesabu yenyewe sasa ni mstari mmoja: badiliko ni baada kutoa kabla. Picha za S1_GRD za Earth Engine zimeshageuzwa kuwa desibeli, na kutoa desibeli ni sawasawa na kugawanya nguvu zenyewe, kwaiyo hamna haja ya logi wala nini. Wakikwambia kwamba zile picha hazijasahihishwa mng'ao unaoletwa na mteremko ni kweli, hazijasahihishwa, lakini kwa kuwa umeshika njia moja ileile kosa la mteremko liko kabla na liko baada kwa kiasi kilekile na ukitoa linajifuta. Ndo maana nilikubana kwenye hatua ya 2. Anayetaka zilizosahihishwa kabisa aende kwenye kituo cha data za rada cha Alaska, ASF, wanazo tayari na wanakutengenezea bure ukiagiza.

Fanya kwa VH, alafu rudia kwa VV.

Hatua ya 5: tazama kwa macho kabla ya kukata

Watu wanaruka hatua hii mi naiona ndo tamu kuliko zote. Tengeneza picha ya rangi: nyekundu weka VH ya kabla, kijani na buluu zote mbili weka VH ya baada. Palipopoteza nguvu patakuwa pekundu, palipoongeza patakuwa pa buluu-kijani kama maji ya pwani, pasipobadilika pa kijivu. Mipaka ya rangi iweke kati ya desibeli hasi 25 na hasi 8 hivi ili uone vizuri.

Sasa sogea taratibu. Maporomoko yana umbo. Yanaanzia juu kwenye mteremko, yanashuka kufuata mkondo wa maji, marefu na membamba, mara nyingi mengi yanakutana kwenye korongo moja kama vidole kwenye kiganja alafu chini yanafunguka kama feni pale mlima unapokutana na tambarare. Shamba halina umbo hilo. Shamba lina kona. Barabara imenyooka. Ziwa ni duara tambarare. Jicho la mtu aliyekulia milimani linatofautisha hivi vitu haraka kuliko kodi yoyote, nasema kodi ya kompyuta, ile ya TRA ni mada nyingine.

Hanang kuna kisa cha mashamba. Wilaya ile ina mashamba makubwa ya ngano, yale yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, na Oktoba mpaka Desemba wakulima wa kila aina wanatifua na kupanda. Udongo uliotifuliwa unabadilika kwenye rada vibaya sana. Nao msimu wa mvua majani yanachipua VH inapanda kila mahali, kwaiyo utakuta uwanda mzima wa buluu-kijani na hamna kilichoporomoka hata kimoja, ni nyasi tu zimefurahia mvua.

Hatua ya 6: funika pasipohusika

Chukua data za mwinuko, SRTM ya mita 30 ipo humohumo kwa jina la USGS/SRTMGL1_003, tengeneza ramani ya mteremko na ufute kila kilicho chini ya nyuzi 10. Mashamba mengi yanaondoka hapo, na ziwa, na mji.

Lakini subiri. Umefuta na mji! Katesh ipo tambarare, na tope lililoua watu lilikuja kulala hukohuko tambarare. Ukishika kwa upofu ile sheria ya nyuzi 10 inayoandikwa kila mahali, ramani yako itaonyesha mlima ulipokatika na haitaonyesha tope lilikoishia, yaani itamwambia mwokoaji aende juu msituni wakati watu wamefukiwa sokoni. Kwaiyo mi natengeneza tabaka mbili. Ya kwanza ni miteremko, nyuzi 10 kwenda juu. Ya pili ni mikondo: nachukua makorongo yanayotoka kwenye mlima, nayapa upana wa mita 200 kila upande mpaka kilomita kadhaa baada ya mlima kuisha, na humo natazama kwa macho, siiachii mashine. Tope mjini lina shida yake pia, nyumba na mabati yanarudisha rada kwa nguvu sana kwa sababu ya kona za ukuta na ardhi, kwaiyo mtaa ukifukiwa VV inashuka, lakini nyumba zikibaki zimesimama huku tope limejaa mpaka dirishani rada inaweza isiseme chochote.

Hatua ya 7: kizingiti, na mtego uliomo

Sasa unataka kukata: chini ya desibeli kadhaa ni maporomoko, juu yake sio. Ngapi? Njia inayopendwa ni asilimia, unachukua asilimia 1 ya pikseli zilizoshuka zaidi unazipaka rangi nyekundu. Rahisi. Ila fikiria kidogo: asilimia 1 ipo siku zote. Hata mlima uliolala salama mwaka mzima una asilimia 1 yake iliyoshuka zaidi, na ramani itatoka nyekundu nzuri tu ya kutisha.

Kwaiyo fanya hivi. Rudia hesabu yote kuanzia hatua ya 1 kwa mwaka ambao hakuna kilichotokea. Oktoba 2022 mpaka Februari 2023, njia ileile, kiboksi kilekile, katikati ukate Desemba 3 kama vile kuna tukio. Tafuta asilimia 1 ya mwaka huo ni desibeli ngapi. Hicho ndo kizingiti chako, namba ya mwaka wa amani, unaichukua unaipeleka kwenye 2023. Kama mwaka wa tukio pikseli zilizovuka namba hiyo bado ni asilimia 1, hauna kitu mkononi. Zikiwa mara tatu, mara nne, na zimerundikana kwenye makorongo, hapo ongea. Na sehemu ambazo zimekuwa nyekundu miaka yote miwili ni mashamba au mito, zitoe.

Hii haichukui hata dakika 10, ni kubadilisha tarehe tu, na sijui kwanini watu hawaifanyi.

Baada ya kukata usikimbilie kuchora mipaka ya kila poromoko. Kwa pikseli za mita 10 ambazo uwezo wake halisi ni kama mita 20, mpaka utakaochora ni wa kubuni. Bora ramani ya msongamano: kwa kila mahali hesabu pikseli ngapi nyekundu zipo ndani ya duara la nusu kilomita au kilomita moja, paka rangi kama ramani ya joto. Inamwambia mtu "anzeni huku" bila kumdanganya kwamba unajua jiwe gani limeanguka wapi. Poromoko moja la upana wa mita 15 kwenye korongo lenye miti pande zote usitegemee kuliona. La hekta moja kwenda juu, msituni, hilo tunazungumza.

Hatua ya 8: hakiki

Sentinel-2, ile ya picha za rangi, inapita kila siku tano. Mawingu yakipasuka hata kidogo chukua. Mahali pekundu kwenye rada palipogeuka kahawia kwenye Sentinel-2 hapo umepata. Usitafute picha safi ya mlima mzima, tafuta kipande hiki wiki hii na kipande kile wiki ijayo. Kwa mlima mrefu kama Hanang, mita 3,400 na kitu, kilele kinaweza kikakaa na kofia ya wingu wiki kadhaa huku chini kweupe.

Alafu kuna watu. Mwenyekiti wa kijiji anajua korongo lipi lilileta tope, anajua na jina lake ambalo halipo kwenye ramani yoyote. Simu moja inaokoa saa tatu za kubishana na pikseli. West Pokot Novemba 2019 ilikuwa hivyohivyo, usiku wa kuamkia tarehe 23 vilima vya Parua, Tapach na Muino viliachia sehemu nyingi kwa mpigo, barabara na madaraja vikakatika, na mawingu hayakuondoka. Ukiwa na tukio la namna hiyo, maporomoko mengi madogo yaliyotawanyika, ramani ya msongamano pamoja na majina ya vijiji kutoka kwa wenyeji ndo mchanganyiko unaofanya kazi.

Na yale yanayotembea polepole?

Swali linalokuja kila mara: hii rada si inapima hata sentimita, kwanini tusione mlima kabla haujaanguka? Inapima kweli, ila ni ufundi mwingine, unaitwa interferometria, hautazami nguvu iliyorudi bali wimbi limerudi likiwa kwenye hatua gani ya mzunguko wake. Ardhi ikisogea kuelekea au kuondoka kwenye setilaiti sentimita 2.8 unapata mzunguko mmoja mzima wa rangi kwenye ramani. Kwa kupima mwendo wa poromoko la ghafla haufai, maana ardhi iliyobomoka haifanani tena na ya mwanzo na wimbi linapotea kabisa. Unafaa kwa ardhi inayoteleza taratibu miaka nenda miaka rudi, na mfano mkubwa upo kwa ndugu zetu wa Bukavu kule Kongo, mtaa wa Funu, sehemu ya mji imejengwa juu ya mlima unaotembea na maelfu ya watu wanaishi hapo, watafiti wameupima kwa rada na kuona kwamba ujenzi wenyewe umechangia kuuongezea mwendo.

Bukavu inawezekana kwa sababu kuna mabati na zege, vitu visivyobadilika kati ya picha na picha. Kwenye migomba na msitu wimbi la sentimita 5.5 linapoteza kumbukumbu ndani ya siku 12 tu, majani yamesogea, basi. Ndo maana watu wa kazi hii wanaitolea macho NISAR, setilaiti ya rada ya Marekani na India iliyorushwa kutoka Sriharikota tarehe 30 Julai 2025, ina wimbi la sentimita 24 linalopenya majani na kugonga shina na ardhi, nayo inarudia kila siku 12. Hesabu yote ya juu, kabla, baada, toa, inafanyika nayo vilevile, tofauti ni kwamba matawi madogo halitayajali sana, kwaiyo kile kizingiti ulichokipata kwa Sentinel-1 usikihamishie huko, kitafute upya kwa mwaka wa amani.

Kutoa ramani

Mwisho hamisha tabaka la msongamano kama GeoTIFF (picha inayojua mahali pake kwenye ramani) kwa wenye QGIS, programu ya bure ya ramani, na zile sehemu kumi au ishirini zenye msongamano mkubwa zitoe kama KML, faili la alama za ramani, maana KML inafunguka kwenye simu kwa Google Earth na anayekwenda site anaenda na simu sio na laptop. Kwenye jina la faili weka tarehe ya picha ya mwisho uliyotumia, namba ya njia, na kizingiti. Picha ya skrini peke yake usitume, baada ya wiki itakuwa inazunguka kwenye simu za watu bila tarehe, na mvua nyingine ikinyesha mtu ataileta kwako akuulize kama ni ya leo.